Nilivyolikagua Shamba la Mifupa

Mzee Leonidas aliishika simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa, akaiweka mezani na kuisukuma upande wangu.

"Mama Eufrazia, sikiliza mwenyewe. Halafu uniambie hiyo ni sauti ya mtu au ni ya nini."

Akabonyeza. Kwanza yakaja magitaa, mazuri tu, yanakimbizana kama watoto waliofunguliwa shule. Nikaanza hata kutikisa kichwa. Halafu, mama yangu wee! Likatoka jambo kama fahali anayekoroma huku anachinjwa, na ngoma nyuma yake zinapigwa kama mvua ya mawe kwenye bati. Vénérande, mke wa Leonidas, alikuwa ananimiminia chai. Ikamwagikia kwenye kisosi.

"Huyo ndiye Respicius wako," Leonidas akasema.

Siku hiyo nilikuwa nimefika kwake Kabungu kuuliza kama tunaweza kuleta barua ya posa. Respicius ni mtoto wa binti yangu Suzana, aliyetangulia mbele ya haki, na nimemlea mimi. Yeye na Emelyne, binti wa Leonidas, wamependana siku nyingi. Emelyne ana cherehani yake pale mjini Mpanda karibu na soko, na suruali za mjukuu wangu zilikuwa zinachanika kila wiki bila sababu. Nyumba zote mbili zilijua. Mimi nilidhani naenda kunywa chai na kupangiwa tarehe.

"Ni muziki tu huo," nikasema, lakini hata mwenyewe nilijisikia ninavyosita.

"Muziki?" Leonidas ni mzee wa kanisa, mtu mkubwa wa mwili, anaongea taratibu kama anayepima. "Mimi nimekaa kwenye maombezi miaka yote hii. Nimewashika watu mikono wakitolewa mapepo. Sauti ile naijua, mama. Na hebu ona wanavyoiita." Akaitenga simu mbali na macho, akasoma: "Shamba la Mifupa. Aina ya muziki: metali ya kifo. Wameandika wenyewe, sijawasingizia."

"Lakini magitaa si mazuri?" Vénérande akasema chini chini.

"Magitaa mazuri sana. Kama kwaya. Sasa Shetani akitaka kupamba atapamba wapi kama si pale?"

Vénérande akafuta kisosi.

Leonidas akaniangalia. "Mimi sikatai kijana. Ana adabu, shikamoo yake anaijua. Lakini siwezi kumtoa binti yangu kwa mtu ambaye usipomwona unadhani ni jini. Wewe nakufahamu. Umeuza mchele na mama Emelyne pale sokoni na hujawahi kumchanganyia mtu wenye mawe. Nenda ukaisikilize yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Ukiniambia ni safi, nitapokea barua. Ukiniambia kuna kitu humo ndani, basi tumalize kwa amani, kila mtu na mtoto wake."

"Na nikisema ni safi utaniamini?"

"Nitakuamini. Ndiyo maana nakuomba usikilize vizuri."

Nikarudi nyumbani Misunkumilo kwenye bodaboda huku mzigo wote huo uko kwangu. Njia nzima nilikuwa najiuliza ni lini mara ya mwisho nilimsikiliza huyu kijana. Kumwona namwona kila siku, anakula, anatoka, anarudi na gitaa mgongoni. Anasema anakwenda mazoezini. Mazoezi ya nini, na akina nani, sikuuliza. Niliposikia "bendi" nilidhani ni kama zile za harusini.

Nilimkuta uani anaosha viatu. Nikamweleza yote bila kumficha. Akaacha brashi kwenye maji.

"Kwa hiyo wewe bibi ndiyo utakagua albamu yetu?"

"Ndiyo mimi."

"Yote?"

"Yote. Mbona unauliza mara mbili?"

"Hapana, bibi. Nauliza tu." Akacheka, lakini kile kicheko kiliishia kwenye meno. Mimi nikakitia akilini.

Jioni hiyo hiyo akaleta spika yake ndogo, akaiweka juu ya kinu nilichokigeuza, nami nikakaa kwenye kigoda na bakuli la njugu za kumenya, maana mikono ikiwa kazini masikio yanafanya kazi vizuri zaidi. Nikamwambia akae mbele yangu nimwone uso. Alikuwa anataka kukaa pembeni.

Wimbo wa kwanza unaitwa Kiboko. Ni ule ule wa kwa Leonidas. Safari hii nilijiandaa, nikasikiliza maneno, sikuyapata. Nikamwambia anitamkie. Akanitamkia kwa sauti ya kawaida: kiboko ameingia kwenye mpunga, ametoka mtoni hana haraka, anakula jasho la mama yangu, ondoka wewe mlima wenye miguu. Basi. Nikamwambia arudie tena, nikihesabu kama ameruka neno. Hakuruka.

"Sasa kwa nini unayaunguruma? Maneno mazuri hivyo, ungeyaimba watu wakayasikia."

"Bibi, kiboko unamwimbia?"

Nikamenya njugu. Hilo lilikuwa na maana yake, lakini sikumpa ushindi mapema.

Wimbo wa pili ni huo wenye jina la albamu, Shamba la Mifupa. Hapa nilimkaba. Mifupa ya nani? Mmechimba wapi? Akaniambia ni lile shamba letu la kule kwetu Mamba, upande wa bondeni, ambako tukilima jembe lilikuwa linagonga mifupa ya wanyama waliokufa kiangazi kimoja cha zamani, mto ulipokauka. Ni kweli, ilikuwapo. Mwenyewe niliwahi kumpiga marufuku asiichezee. Magitaa ya wimbo huo yanakwenda mawili pamoja, moja juu na jingine chini yake, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kugonganisha michi. Huo niliupenda. Sikumwambia.

Wa tatu una kelele nyingi na ngoma za Kashinje. Kashinje ni kijana wa Kisukuma, mrefu, rafiki yake toka darasa la kwanza. Anapiga kama mtu anayeua nyoka ndani ya nyumba. Nikasema huo umekaa kama ugali usioiva, unga mtupu. Respicius akakubali kabisa. "Hata sisi tunajua bibi, huo tuliukimbiza." Ukweli wa haraka namna hiyo nao ukanitia shaka. Mtu akikupa kosa dogo bila kubembelezwa, angalia mkono wake mwingine.

Na kweli. Wa nne ulipoisha, kabla wa tano haujaanza, kidole chake kikaruka kwenye simu, tukaangukia katikati ya wimbo mwingine.

"Umefanya nini hapo?"

"Huo haujakaa sawa, bibi. Hauna hata maneno. Tumeuweka tu kujaza."

"Hauna maneno?"

"Hauna."

"Basi utakuwa mwepesi kukagua. Rudisha."

"Spika inaisha chaji, bibi," akasema, akasimama. Taa ya spika ilikuwa bado ya kijani.

Sikumfukuza. Nilimwita tu jina, akageuka mlangoni.

"Kitendawili."

Toka mdogo hajawahi kuniacha bila kujibu. "Tega."

"Nyumba yangu ina vyumba vingi. Mgeni namwonyesha vyote, kimoja nakipita nikikohoa."

Akasimama pale anashika fremu ya mlango. "Nipe mji, bibi."

"Mji sikupi. Hicho si cha kupewa mji. Jibu unalo."

Akaingia ndani.

Sasa nikaanza kumtafuta huyo Shetani kwa bidii. Nilianza na sauti, maana ndiyo iliyomtisha Leonidas. Kesho yake asubuhi, kabla hajanywa chai, nikamwambia angurume hapo hapo jikoni. Akanguruma, kuku wakaruka ukuta. Nikamkatiza: "Sali Salamu Maria!" Akasali yote bila kukwama, akavuta pumzi, akaisali tena kwa mngurumo, mpaka "saa ya kufa kwetu" ikatetemesha sufuria. Nikampiga na mwiko. Lakini macho yake yalikuwa yake, mikono haikutetemeka, na alipomaliza akauliza kama kuna kiporo.

"Hiyo sauti unaitoa wapi?"

"Tumboni, bibi. Siyo kooni. Ukiitoa kooni siku mbili huwezi kuongea. Wewe mwenyewe ndiyo ulinifundisha."

"Mimi?"

"Kule Mamba, juu ya dungu. Si ulikuwa unanipiga hapa?" Akajipiga chini ya kitovu. "Ulikuwa unasema ukimfokea nguruwe pori kwa koo atakucheka."

Nikakaa chini. Nimelinda mpunga toka sijaota meno ya utu uzima. Unapanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti tunalolijenga katikati ya shamba, na wanyama wanakuja zamu kwa zamu, ndege mchana, viboko na nguruwe jua likizama. Bunduki huna. Una debe, una kombeo, na una tumbo lako. Mtu anayejua kuamia, kuwafukuza kwa sauti, ukimsikia kutoka shamba la jirani, huwezi kusema ni mwanamke, ni mwanamume, ni mtoto. Ni kitu kikubwa tu chenye hasira. Nilimfundisha Suzana, na Respicius nilimfundisha akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo hilo likawa limeisha. Mngurumo ni wangu. Ukabaki ule wimbo wa kukohoa.

Nilimwotea Kashinje alipokuja kumwita mwenzake. Nikampa karanga, nikamuuliza habari za mama yake, halafu nikauliza wimbo wa tano unaitwaje. Yule kijana mrefu akawa mfupi.

"Bibi, huo muulize Resi."

"Nakuuliza wewe. Ngoma si unapiga wewe?"

"Huo sipigi, bibi. Alituambia tusiguse. Anapiga peke yake."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wimbo usio na maneno, unaopigwa na mtu mmoja, wenzake hawaruhusiwi kuugusa. Usiku ule nilisali rozari, nikafika katikati nikapotea hesabu, nikaanza upya. Nilimfikiria Emelyne, mtoto mzuri anayeniita bibi kabla hajaruhusiwa. Nikasema kama kuna agano humo, bora moyo wa mjukuu wangu uvunjike kuliko nyumba ya watu ivunjike kwa neno langu.

Jumapili baada ya misa nikajua wako wapi. Wanafanyia mazoezi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambayo mwenye nayo huifunga Jumapili na kuwaachia umeme. Wamechagua pale kwa sababu majirani walishazoea kelele. Sikwenda na mtu. Nikatembea na kanga yangu ya kanisani mpaka kwenye ukuta wa nyuma, ambako pumba zimerundikwa kama kilima, nikasimama pale.

Ndani walikuwa wanapumzika, nasikia wanacheka, chupa ya soda ikadondoka. Halafu Respicius akasema, "Nyie tokeni kidogo." Mlango ukalia. Kashinje na mwenzao Fredrick wakatoka upande wa mbele kuvuta hewa. Likabaki gitaa peke yake.

Lilianza chini, sauti moja tu, kama anayeita mtu aliye chumba cha pili. Likapanda. Likashuka mara mbili, likapanda tena pale pale. Ule wimbo naujua. Nakuambia niliujua kabla akili haijaniambia ni nini, miguu ilijua kwanza.

Ni kilio changu. Ni kile nilichomlilia Suzana.

Sisi kwetu, jinsi nilivyolelewa mimi, mama akifiwa hatumii kilio cha mtu mwingine. Kinakuja chenyewe pale mbele ya maiti, na wimbo wake na maneno yake, na wanawake wanakipokea. Ukikianza unakwenda nacho siku zote za msiba. Matanga yakianuliwa, kinaachwa hapo hapo. Hukiimbi jikoni, hukiimbi shambani, hata ukiwa peke yako. Bibi zangu walisema kilio kisicho na maiti kinakwenda kutafuta maiti yake. Nami nilikuwa nimekiacha. Hata ningeambiwa nikiimbe, nilidhani nimekisahau. Na sasa kilikuwa kinatoka kwenye spika, kitamu, kimeoshwa, kimewekwa kwenye simu za watu, Leonidas mwenyewe anayasifu magitaa yake kuwa ni kama kwaya.

Nikazunguka, nikasukuma mlango.

Respicius aliponiona akaacha mkono juu ya nyuzi. Pumba zilikuwa zinaelea kwenye mwanga wa dirishani kati yangu na yeye.

"Nani kakupa ruhusa?"

Akageukia spika, akaizima.

"Nakuuliza! Nani kakuambia kilio cha mama yako ni wimbo?"

"Hakuna, bibi."

"Unajua ni nini hicho? Unajua kinaita nini?"

"Najua wanachosema." Akaliweka gitaa chini polepole. "Ndiyo maana nilikuwa naruka usisikie."

"Kwa hiyo ulijua ni vibaya, ukafanya."

"Bibi, mimi siku ile niliwekwa kule nje kwa wanaume, kwenye moto. Nikaanza kulia, baba mdogo akanishika shingo, akasema wewe sasa ni mwanaume, nyamaza. Nikanyamaza. Nyie huko ndani mlikuwa mnalia mnapokezana, mimi nasikia kupitia ukuta. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya, nikawa nakifuata wimbo ule kichwani. Kikabaki. Nilipopata gitaa, vidole vyangu vya kwanza vilikwenda pale."

Nilitaka kumwonea huruma na nikajizuia. Nimeona watu wengi wakieleza makosa yao vizuri.

"Basi ungepiga peke yako ukalia. Kwa nini uweke kwenye albamu? Ulikuwa unamlilia mama yako, au unatafuta jina?"

Nje Kashinje alikohoa.

"Vyote viwili, bibi. Sijui kuvitenganisha."

Jibu lile sikulipenda, lakini nililiamini. Nikaondoka bila kumuaga.

Nyimbo zilizobaki nilizimaliza katikati ya wiki, na Jumamosi tukaenda Kabungu. Nilimwambia tu avae shati lenye kola na abebe gitaa lake lile la mbao lisilohitaji umeme. Hakuuliza la nini. Alijua nikisema ovyo Emelyne amekwenda, na mimi sikumwambia nitasema nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa bado sijajua.

Leonidas alitupokea sebuleni amevaa koti. Vénérande alikaa karibu na mlango wa jikoni, na Emelyne nyuma yake, nusu ya uso tu inaonekana.

"Karibuni. Haya mama, umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Yote?"

"Yote."

"Na ile sauti?"

"Mzee Leonidas, wewe kabla hujaanza tumbaku ulilima nini?"

"Mahindi."

"Yalilindwa na nani?"

"Tulikuwa tunaajiri watu. Wapimbwe, watu wa kwenu Mamba," akasema. "Wanapiga kelele hao, nyani walikuwa wanahama kata."

Nikasimama. Nikafunga kanga kiunoni, nikatanua miguu, nikajipiga chini ya kitovu, nikaitoa. Sijaitoa miaka mingi, lakini haikukataa. Picha ya ukutani ikacheza. Mbwa wa jirani wakaanza wote kwa pamoja. Vénérande akamwita mama yake kwa lugha ya kwao, "Mawe weee!" na Leonidas akajikuta amesimama nyuma ya kiti chake mwenyewe.

"Sasa nikemee," nikamwambia. "Nitoe pepo."

Wa kwanza kucheka alikuwa Emelyne, akiwa amejiziba na mlango, halafu mama yake, halafu Leonidas akarudi kwenye kiti anatikisika tumbo lote.

"Mama Eufrazia! Utaniua!"

"Hiyo ndiyo sauti uliyoisikia. Nimeifundisha mimi mwenyewe. Tunafukuzia viboko."

"Basi, basi." Akafuta macho. "Kama ni hivyo tumemaliza. Maana magitaa sikuwahi kuyashtaki. Tena kuna moja pale katikati halina maneno, hilo nimelirudia peke yangu, nakuambia kweli. Hilo ni zuri kabisa."

Respicius akaangalia viatu vyake.

Mtu mwingine angeshukuru na kuomba tarehe ya barua. Njia ilikuwa nyeupe mbele yangu. Lakini aliniomba nisikilize vizuri, na nilichokisikia vizuri ni hicho.

"Mngurumo hauna kitu," nikasema. "Kama ni wa kuogopa, ogopa hilo unalolirudia."

Nikamweleza. Suzana, msiba, kilio chetu na desturi yake, ukuta, moto wa wanaume, mashine ya kukoboa. Nilivyokuwa naeleza kicheko kilikuwa kinamwishia usoni kidogo kidogo, na Emelyne akatoka mlangoni akasimama wazi, hakujificha tena. Hata yeye alikuwa hajui.

Leonidas akamgeukia Respicius. "Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Kwa hiyo leo umechukua kilio cha bibi yako. Kesho ukiwa mkwe wangu, kwangu kukitokea msiba, mke wangu alie huku wewe umetega sikio?"

"Hapana, baba."

"Nitajuaje?"

Hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo.

"Mama, wewe umemsamehe?"

"Bado."

"Halafu unakuja kuniambia mimi, ambaye nisingejua mpaka nakufa. Unataka nikatae?"

"Nataka ampate Emelyne. Lakini sitaki umpokee kukiwa na kitu usichokijua."

Leonidas akavuta pumzi puani, akajiegemeza. "Lipige," akamwambia Respicius. "Si la kwenye simu. Lipige hapa nikuone."

Respicius akaniangalia mimi. Nikanyamaza muda wa kutosha ajue kwamba safari hii anaomba. Halafu nikakubali kwa kichwa.

Akalipiga kwenye gitaa la mbao. Bila umeme lilikuwa dogo, limekauka, karibu sana na kilio kilivyotoka kwangu. Nilijilazimisha kusikiliza kama mkaguzi. Likapanda, likashuka mara mbili, likapanda tena, na pale juu likakatika ghafla, kama uzi umeng'oka. Kimya. Halafu likaanza tena chini, likiwa limepoteza njia kidogo, mpaka likaipata.

"Hapo katikati pameharibika," Leonidas akasema lilipoisha. "Hata kwenye simu panakatika hivyo hivyo. Nilidhani ni simu yangu."

"Hapo niliishiwa pumzi," nikasema. "Wanawake walinishika. Nilipoanza tena nilikuwa nimesahau nilipofika."

"Na yeye kaacha hivyo hivyo."

"Kaacha hivyo hivyo."

Leonidas akamgeukia mjukuu wangu. "Kwa nini hukupatengeneza? Wimbo ungependeza."

"Ndivyo alivyolia, baba," Respicius akasema.

Yule mzee akageuza pete kidoleni. Akamwangalia binti yake, akamwangalia mke wake. "Mwizi angepatengeneza," akasema hatimaye, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu. Halafu akakohoa, akarudi kuwa mzee wa kanisa. "Sikilizeni. Barua leteni. Lakini kabla ya barua, mahindi yangu ya bondeni yanaliwa na nyani, na vijana siku hizi hawataki kulinda. Respicius utakuja wiki ijayo, utapanda dungu, utanguruma mpaka nivune. Nataka niisikie sauti hiyo kwa masikio yangu ikiwa kazini. Na hilo la katikati, halipigwi kwenye harusi yangu wala popote mpaka bibi yako aseme. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Kwenye simu za watu limeshakwenda," nikasema.

"Hilo halirudi. Tuombe tu."

Vénérande akaleta maji tunawe. Tulikula wali na maharage, na Emelyne akakaa nasi mezani, na Respicius akamwaga mchuzi kwenye shati lile la kola, akaambiwa na binti wa watu mbele ya baba yake kwamba atalipeleka kufua au atalichana kwanza ndipo alilete. Hata Leonidas alicheka. Mimi nilicheka nao. Lakini nilikuwa bado sijamsamehe, na yeye alijua, maana kila akinipa kitu alinipa kwa mikono miwili.

Tulipoaga, Leonidas akatusindikiza mpaka njiani, kama ilivyo heshima. Alitangulia na mimi, anaongelea mvua na bei ya mbolea. Mazungumzo yakaisha, tukawa tunatembea tu. Na hapo nikasikia. Mzee wa watu, mikono nyuma, anaimba puani bila kujua: chini, kupanda, kushuka mara mbili.

"Mzee Leonidas!"

Akashtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Nini tena?"

"Hiyo huimbi."

Akajishika mdomo. "Nisamehe mama. Sikujua kama ninaimba."

Nyuma yetu Respicius hakucheka. Nami nikamwambia mzee haidhuru, tukaendelea kutembea, akaanza tena habari za mbolea. Lakini mpaka tunafika barabarani nilikuwa namwangalia mdomo.